Radhi ya Mdomo

Alinitolea salamu mbele ya watu ishirini na wawili, nami sikumjibu.

Tulikuwa tumesimama kusini mwa Lango la Amani ya Mbinguni, asubuhi moja ya mwezi wa kumi, mwaka wa elfu moja mia tisa themanini na sita. Jua lilikuwa changa, na wekundu wa kuta ulikuwa kama wa komamanga lililopasuliwa sasa hivi. Mkononi nilishika kibendera cha manjano na orodha ya wageni wangu wa siku: wafanyakazi wa kiwanda cha nguo kutoka Hebei, waliozawadiwa safari ya kuja Beijing kuyaona majumba ya wafalme kwa kuwa walilivuka lengo lao la mwaka. Chini kabisa ya orodha, baada ya majina yaliyopigwa chapa, palikuwa na jina moja lililoongezwa kwa kalamu. Tie Baolin. Nililisoma nikajiambia kuwa mji huu una akina Tie wengi. Kisha nikainua macho. Alisimama nyuma ya wenzake, kofia mkononi, amekonda hata koti lake likaonekana kana kwamba limetundikwa kwenye msumari.

"Assalamu alaikum," akasema, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya mgonjwa.

Mimi ni mtoto wa msikiti. Nimejua tangu sijaota meno ya pili kwamba kutoa salamu ni sunna na kuijibu ni wajibu. Nikainua kibendera changu juu.

"Haya, jamaa, tufuatane, asipotee mtu! Lango lile lina njia tano. Ya katikati ilikuwa ya mfalme peke yake. Angepita mwingine, kichwa kingebaki hapa. Leo tunapita sote, na vichwa vyetu."

Wakacheka, wakanifuata. Naye akafuata.

Sasa nimevuka miaka themanini, magoti yangu hayakubali tena kusujudu ila kwa kuomboleza, na katika yote niliyoyatenda chini ya jua hakuna linalonisimamisha mbele ya Mola wangu kwa aibu kama siku ile moja. Kwa hiyo naiandika.

Msikitini tulikuwa na majina yetu ya Kitabu. Mimi, Sha wa mtaani, niliitwa Yunus, na Tie Baolin aliitwa Ilyas. Alinizidi miaka kumi. Baba yangu alikuwa mwalimu na mwandishi wa misahafu. Aliandika kwa kalamu ya mbao iliyochongwa bapa, na kila mwaka alimaliza juzuu tatu, hazizidi, kwa sababu alitia udhu upya kwa kila ukurasa. Ilyas alikuwa mwanafunzi wake mkubwa. Ndiye aliyenishika mkono nikachora alifu yangu ya kwanza, akaniambia, "Isimamishe vizuri, Yunus, hiyo ndiyo nguzo, nyingine zote zitaiegemea." Alikula kwetu. Mama alimwita mwanangu. Kazi yake ya mkono ilikuwa kuchimba makaburi ya watu wa Mtaa wa Ng'ombe, mtaa wetu sisi Waislamu. Na alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu yenye kitanda cha mbao nyuma, ambayo juu yake alikuwa amewapeleka mabibi na mababu zetu wote kwenye nyumba zao za mwisho.

Baba alikuwa na ubeti aliotufunza sote, tukiuimba huku tukisugua wino:

*Radhi ni maji ya kata, hunywewa angali hai;*
*akishafumba kiumbe, umimine, hayafai.*

Tuliuimba kama watoto wanavyoimba, bila kusikia.

Katika mwezi wa nane wa mwaka wa sitini na sita nilikuwa kaskazini, miongoni mwa maelfu waliokuwa wakijenga bwawa. Vijana wenye vitambaa vyekundu mikononi, walioapa kufuta dini na mila za kale, waliingia mtaani kwetu. Juzuu za baba zilichomwa uani, naye akasimamishwa juani kutwa nzima, kofia ndefu ya karatasi kichwani. Alirudi nyumbani kwa miguu yake, akaomba maji, akalala. Alfajiri hakuamka.

Yaliyofuata mama alinisimulia mara moja tu, akiwa amekaa wima, mikono magotini, kama shahidi mbele ya kadhi. Mazishi yetu yalikuwa yamepigwa marufuku mtaani. Maiti wote walikuwa wakichukuliwa na gari kupelekwa kwenye tanuru. Mama alimwosha baba kwa mikono yake, kama madhehebu yetu yanavyomruhusu mke, akamvisha shuka la kitanda kwa kuwa sanda haikupatikana. Kilichobaki kilihitaji mwanamume: wa kumbeba, wa kumswalia, wa kumfukia. Adhuhuri, jua la utosi, alivuka ua akaenda kubisha mlango wa Ilyas. Baiskeli ya magurudumu matatu ilikuwa nje, imeegemezwa ukutani. Alibisha mara tatu. Akasema kwa sauti ya chini, mdomo kwenye ubao wa mlango, "Ilyas, mwanangu, mwalimu wako ameshaoshwa. Gari halijaja bado. Tukienda sasa tutawahi." Hakuna aliyejibu. Aliona kivuli kikisogea nyuma ya karatasi ya dirisha, kisha kikatulia.

Alasiri gari likaja. Nilipofika siku ya tatu, mama alikuwa ameshika kisanduku cha majivu mapajani, na hakujua akiweke wapi, maana sisi hatuna mahali pa kuweka kitu kama hicho. Kwa Mwislamu wa mtaa wetu hakuna fedheha iliyo juu ya hiyo.

Ilyas aliondoka mwaka uliofuata kwenda kwenye migodi ya makaa, mbali sana kaskazini mashariki. Mama akafa, na alizikwa kwa sunna, alhamdulillahi, siku zikiwa zimeshatulia. Mpaka kufa hakulitaja tena jina la Ilyas. Mimi nililitaja kila siku moyoni, kama mtu anayepekecha jino bovu kwa ulimi.

Kisha, majira ya kuchipua ya mwaka huo wa themanini na sita, tukasikia kuwa Ilyas amerudi, kifua kimeliwa na vumbi la makaa. Alikuja kwangu mara mbili na pakiti ya majani ya chai. Mara zote mke wangu alitoka akamwambia sipo, na mara zote nilikuwa nimekaa chumbani. Kwetu, mtu akihisi safari yake imekaribia, huwazungukia aliowakosea akiomba radhi. Na radhi yetu ni ya mdomo. Barua haitoshi, na kutikisa kichwa hakutoshi. Sharti itamkwe na mwenye haki, na aombaye aisikie kwa masikio yake angali hai. Asipoipata, anaingia kaburini na deni ambalo hakuna mwanawe awezaye kumlipia. Niliyajua yote haya. Niliyajua kuliko alivyoyajua yeye.

Ndipo akanunua tiketi. Mgeni mwenye tiketi hafukuzwi.

Siku ile niliongoza kwa kasi. Nakiri. Katika Jumba la Kifalme kuna ngazi zisizokwisha, na mimi nilizipanda kama niliyeitwa juu. Nilisikia nyuma yangu kile kikohozi chake, kikavu, kama mtu anayekwangua chungu, na kila nilipokisikia kikikaribia niliinua kibendera na kusonga mbele.

Kiongozi wa wale wanawake wa kiwandani aliitwa Qiao Guilan, mnene, mwenye sauti ya kushinda mashine za kufuma. Yeye ndiye aliyemshika mzee mkono.

"Mzee, hebu niambie," nikamsikia akisema kwenye ngazi za marumaru, "hiyo lafudhi yako si ya hapa hapa mjini? Umekuja kutalii kwenu?"

"Ndiyo, mama. Nimezaliwa mwendo wa nusu saa kutoka hapa. Sijapata kuingia."

"Hee! Jamani njooni mwone, muuza chumvi anayekula mboga chapwa!" Wenzake wakaangua kicheko, naye akacheka nao, kikohozi kikamkatiza. "Sasa siku zote hizo ulikuwa unafanya nini?"

"Kazi, mama."

"Kazi gani isiyo na hata Jumapili moja?"

"Ya udongo."

"Mjenzi, eh? Umewajengea watu nyumba."

"Ndogo ndogo," akasema.

Niligeuka nikaanza kueleza habari za vigae vya manjano, vilivyokuwa haramu kwa raia yeyote kuviweka juu ya paa lake. Sauti yangu ilikuwa imara. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi, na ulimi uliozoea hauhitaji moyo.

Kwenye ua wa ndani, kando ya birika kubwa la shaba, alinifikia. Alishika ukingo wa birika kwa mikono miwili.

"Yunus," akasema. "Dakika moja tu, mdogo wangu."

"Mgeni," nikamwambia, "tafadhali tusiachane na kundi."

Alinitazama bila hasira. Ningependa angekasirika.

Tukatoka kwa lango la kaskazini, tukavuka njia, tukapanda Kilima cha Makaa. Pale, chini ya mti uliozungushiwa uzio, huwa nasimulia habari ya mfalme wa mwisho wa nasaba ya Ming: jinsi waasi walivyouingia mji, na mfalme alfajiri akapiga kengele kwa mkono wake mwenyewe kuwaita mawaziri, asije hata mmoja, naye akapanda kilimani na mtumishi mmoja na mkanda wa hariri, akajinyonga. Naisimulia kwa maneno machache, watu hutazama mti, tukateremka. Siku ile niliirefusha.

"Fikirini," nikasema, kipaza sauti mdomoni, nami nikimtazama yeye peke yake. "Walikuwa watu waliokula mezani pake. Aliowalea. Aliowafundisha. Kengele ile ilisikika mji mzima. Msidhani hawakusikia. Walisikia wote. Walikuwa ndani, wamesimama nyuma ya milango yao, wanasikiliza. Hakuna aliyefungua."

"Washenzi!" akasema Mama Qiao, akapangusa macho. "Watu gani hao! Mimi mbwa wangu tu akilia natoka."

Ilyas alikuwa ameangalia viatu vyake. Vilikuwa vipya, vyeusi, vya kitambaa, vya mtu aliyejitayarisha. Nilihisi utamu mdomoni, na Mwenyezi Mungu anisamehe utamu ule, kwani sijawahi kuonja asali iliyonikaa kooni vile.

Wageni wangu walipelekwa kula kwenye hoteli ya kawaida karibu na Lango la Mbele. Mimi, kama kila siku, nilivuka barabara kwenda kwenye mkahawa wetu wa halali, ule wenye birika la udhu lililochorwa juu ya mlango. Sikuwa nimekumbuka jambo dogo: kati ya watu wote wa safari ile, wawili tu hatukuweza kula pale walipokula wengine. Aliingia nyuma yangu. Mkahawa ulikuwa umejaa na kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja, mbele yangu.

Tukaletewa tambi na nyama ya kondoo. Akasema bismillahi, nami nikasema yangu kimoyomoyo. Alinimiminia chai. Sikuigusa. Mikono yake ilikuwa na nukta nyeusi chini ya ngozi, makaa yaliyoingia yasitoke tena.

"Mama alizikwa wapi?" akauliza.

"Kwa watu wake."

"Nani alimchimbia?"

"Watu."

Alikula tambi mbili tatu, akaweka vijiti. "Nilisikia habari za kifo chake kule mgodini. Nilichimba kaburi siku hiyo. Tupu. Nilichimba hivyo tu, nyuma ya kambi, wenzangu wakadhani nimerukwa na akili." Akatabasamu kidogo. "Mmoja akaniambia, Mzee Tie, kama unapenda kuchimba hivyo si uongeze zamu."

Nilitazama saa yangu. "Basi linaondoka saa saba na nusu," nikasema, nikasimama, sahani yangu nusu imejaa. Mwenye mkahawa, anifahamuye, akaniita kutoka jikoni, "Vipi, Sha, leo kondoo wangu ana kosa gani?" Nikasema hana kosa.

Hekalu la Mbingu liko kusini, ndani ya bustani ya misunobari iliyo na umri mkubwa kuliko falme tatu. Katikati yake kuna ua wa mviringo, umezungukwa na ukuta wa matofali uliolainishwa hata ukawa kama shavu la bakuli. Wakati ule ukuta ulikuwa bado hauna uzio, na mtu aliweza kuusogelea hadi pumzi yake ikaupiga. Mmoja akisimama upande wa mashariki na mwingine magharibi, hawaonani, maana majumba yako kati yao, lakini wakielekea kaskazini na kunong'ona kandokando ya ukuta, sauti hutambaa juu ya matofali mpaka kwa mwenziwe, wazi, kama imesemwa begani.

Mama Qiao alitangulia. Alimtuma mwenzake mmoja upande wa pili, kisha akaubandika mdomo: "We Xiulan! Mume wako akikoroma tunamsikia mpaka kwetu!" Kutoka mbali tukasikia kicheko cha Xiulan, na wanawake wakaruka kama watoto. Wakasukumana zamu kwa zamu. Halafu nikawaelekeza kwenye mawe matatu ya katikati ya ua, ambapo ukipiga kofi moja hukurudia mara kadhaa, wakaenda huko kupiga makofi.

"Na mimi," akasema Ilyas. Alikuwa amebaki peke yake. "Nakuomba usimame upande ule, mwongozaji. Nimelipia."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Nikaenda magharibi. Nikasimama, uso kaskazini, bega karibu na ukuta. Matofali yalikuwa na joto la mchana.

"Yunus."

Tangu mama afariki hakuna aliyeniita jina lile kwa sauti ya namna ile. Lilikuja bila kikohozi, bila uzee.

"Ni mimi, Ilyas. Siku ile nilikuwa ndani. Nilimsikia mama, maneno yake yote. Nilikuwa nimesimama, mkono juu ya komeo. Nilisema, nikihesabu kumi nitafungua. Nikahesabu kumi. Nikasema, nikihesabu kumi nyingine." Ukanyamaza ukuta, kisha ukasema tena. "Niliogopa, basi. Sina jingine la kukueleza, sikuja na hoja. Daktari amenipa mpaka baridi. Nakuomba radhi ya mwalimu, na ya mama, na yako, kwa mdomo wako. Neno moja linanitosha."

Makofi ya wanawake yalikuwa yakipasuka katikati ya ua, paa, paa, paa. Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Nasema kweli mbele ya Yule asiyefichwa: lilikuwa limeshaumbika, ulimi umeshaligusa. Nilivuta pumzi nilitoe. Na pumzi ile ikanikumbusha kisanduku mapajani mwa mama. Nikafumba mdomo. Nikahesabu, sijui nilihesabu nini. Kisha nikatoka ukutani nikazunguka jumba mpaka uani.

Alikuja kutoka upande wake, polepole, akishika ukuta. Kundi lote lilikuwa limetugeukia.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Hapana," nikasema. "Kelele nyingi. Na ukuta wenyewe umechakaa siku hizi."

"Aa, wapi!" akasema Mama Qiao. "Mimi nilimsikia Xiulan mpaka anavyomeza mate!"

"Pengine ni upepo," akasema Ilyas. Alivaa kofia yake, akaitengeneza vizuri kwa mikono miwili. "Ndiyo, mama. Leo kuna upepo."

Hapakuwa na upepo. Majani ya misunobari yalikuwa yametulia kama yaliyochorwa.

Jioni, kwenye kituo cha basi, wageni walinipa mikono mmoja mmoja. Yeye alikuwa wa mwisho. Alisema, "Umeeleza vizuri sana, Yunus. Mwalimu angefurahi kukusikia," akaondoka kuelekea kwetu, mwendo wa mtu anayepima ardhi. Hapakuwa na kejeli ndani yake. Nilitafuta, sikuiona.

Ningesema kuwa nilikwenda kwake kesho yake, lakini simwandikii msomaji ili anipende. Nilijiambia nitakwenda Ijumaa. Ijumaa ikaja, nikamwona kwa mbali katika safu ya nyuma, akiswali kwa kuketi, nikatoka kwa mlango wa pembeni. Nikajiambia Ijumaa ijayo. Theluji ikaanguka mapema mwaka ule. Kwake ni milango kumi na minne kutoka kwangu; niliihesabu baadaye. Mara moja nilifika mpaka wa tisa, pakiti ya chai mkononi, nikakutana na jirani, tukazungumza bei ya kabeji, nikarudi nyumbani naye.

Siku ya kumi na tisa ya mwezi wa kumi na mbili, saa nne za asubuhi, binti yake alibisha kwangu. Aliitwa Tie Yunfang, alikuwa mwalimu wa hesabu, mwenye kipaji cha uso cha babake. Safari hii nilifungua mimi.

"Baba amefariki," akasema. "Alfajiri. Tunamzika baada ya adhuhuri. Nimekuja kuarifu tu, mjomba, mlango hadi mlango."

Nikasema *inna lillahi*. Nikamkaribisha ndani, akakataa. Alikuwa na milango mingine. Kisha mimi, badala ya kunyamaza, nikasema, "Hukuja kumwombea radhi kwangu? Ni desturi, jamaa huomba."

"Alikataza," akasema. "Kwa wengine wote tumwombee. Kwako hapana."

"Kwa nini?"

Alisita. Alikuwa binti mwenye adabu. "Alisema ulishamsikia. Siku ile ya matembezi. Nilimwambia, baba, amesema hakusikia, ukuta mbovu. Akasema, ukuta si mbovu, nami nilimsikia yeye. Alivuta pumzi ya kusema, kisha akaizuia. Akasema," hapa akatazama pembeni, "akasema, msimsumbue. Mtu akifika hapo amefika karibu. Tena ana haki."

Akaniaga, akaenda mlango wa jirani. Nilimsikia akibisha.

Makaburi yetu yako magharibi, nje ya mji, chini ya vilima. Ardhi ilikuwa imeganda, na wachimbaji walikuwa wamewasha moto wa mabua ya mahindi juu yake tangu asubuhi ili ilainike. Tulikuwa kama watu arobaini. Jeneza la msikiti likatuliwa, akatolewa ndani ya sanda yake, nyeupe, safi, ya pamba, nikaona jinsi alivyokuwa mdogo. Imamu wetu, kijana wa Ningxia, akageuka kwetu kabla ya kumteremsha, akasema kama inavyosemwa, "Enyi jamaa, ndugu yetu huyu ameishi nasi. Aliyekosewa naye, amridhie."

"Tumemridhia," watu wakasema kwa pamoja, kwa ile sauti ya chini ya wanaume kwenye baridi.

Mimi nilisema baada yao. Nilikuwa nimesimama safu ya mwisho, na neno likatoka jembamba, limechakaa kwa kukaa sana kinywani. Wan Shutian, muuza ngozi, mzee kiziwi wa sikio moja aliyekuwa kando yangu, aliniinamia.

"Umesemaje, Sha?"

"Nimesema nimemridhia."

"Ee?"

"Nimemridhia."

"Basi sema kwa nguvu, bwana!" akasema Wan kwa sauti ya viziwi, watu wakageuka. "Unamnong'onea nani? Yule hasikii."

Nikasema kwa nguvu. Nikalisema tena, na mara ya tatu, mpaka imamu akanitazama na kunipa ishara kwa mkono kwamba yatosha, wanaume wawili wameshashuka kaburini na wanangoja.